Kadi za Cephas

Ndugu yangu Cephas anaishi Homa Bay mjini, na kazi anayojivunia ni kusoma Kijapani. Hajawahi kukutana na Mjapani, wala hana safari ya Japani. Anakata maboksi ya biskuti vipande vipande. Upande mmoja anachora ile michoro yao inayoitwa kanji, upande wa pili anaandika maana. Ukimuuliza kazi atatafuta lini, anakujibu kwamba hiyo ni kazi ya ubongo. Ubongo!

Siku moja alinieleza mbinu yake, kana kwamba nilimwomba. Kadi unayoisahau unaiangalia kila siku. Ukishaijua, unaiacha wiki nzima, halafu mwezi, halafu mwaka.

Na ndivyo alivyomfanyia Mama huku nyumbani Macalder. Zamani alikuja kila Jumapili, halafu Krismasi tu, halafu tukabaki na picha yake ukutani. Mama amezeeka, kumbukumbu zinampotea, na mimi ndiye ninayemlisha.

Mwezi uliopita bwana mkubwa akatokea, mfuko wa shati umejaa kadi. Mama akamtazama, akatabasamu kama anavyowatabasamia wageni, akamuuliza, "Kijana, wewe ni mtoto wa nani?"

Cephas akanigeukia. "Dada, amenisahau?"

"Si wewe ndiye mwalimu?" nikamwambia. "Kadi ikisahaulika inarudi kila siku. Haya, kaa."

Akaangalia saa, akasema bado hajapitia kadi zake za leo.