Kengele Yangu na Pangaboi la Bi Zuhura

Jambo hili mke wangu ameshalisimulia kwenye kila shughuli tunayokwenda, tena kwa kutia chumvi, kwa hiyo bora nilisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na nimeshaizoea kidogo.

Nilinunua kengele ya mlango isiyotumia waya, zile ambazo kitufe kinakaa getini na kengele yenyewe unaichomeka kwenye soketi ndani. Kwetu Bagamoyo watu hupiga hodi kwa mdomo, lakini mimi napenda vitu vya namna hiyo (mke wangu anasema nyumba yetu ina vitu vingi vya kubonyeza kuliko vya kukalia). Siku za mwanzo ilikuwa raha, kisha ikaanza kulia yenyewe. Inalia, natoka, getini hakuna mtu. Mke wangu akawa anasoma Ayatul Kursi kila ikilia, mimi najiuliza mbona inapenda kulia joto linapozidi.

Wakati huohuo jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Bi Zuhura, mjane mtu mzima anayekaa peke yake, alikuwa na balaa lake. Pangaboi lake jipya, lenye taa katikati na rimoti yake, lilikuwa linazima na kuwaka bila kuguswa. Usingizi ukamwisha. Alishafunga mabegi ahamie kwa binti yake Chalinze, ila shehe akamwambia asubiri kwanza nyumba isomewe dua. Nikampa pole, na wala sikuyaunganisha mambo haya mawili.

Siku ya dua, baada ya alasiri, kengele yangu ikalia tena. Nikaona leo niichunguze: nikibandue kitufe getini nitembee nacho, na kengele ikilia bado, basi kosa haliko kwa mtu anayebonyeza. Nikakitia mfukoni mwa kanzu, nikamwambia mke wangu asikilizie, nikaenda kwa Bi Zuhura.

Sebule ilijaa, tumebanana goti kwa goti. Shehe akaanza Yasini. Nikajisogeza kumpisha mzee mmoja, pangaboi likazima. Sauti za wasomaji zikapanda. Nikajisogeza tena, likawaka. Bi Zuhura, aliyekaa na wanawake wenzake kwenye mlango wa chumbani, akajifunika uso kwa khanga.

Hapo ndipo nilipohisi kitu kigumu kinanichoma pajani. Nikaingiza mkono mfukoni, nikabonyeza. Likazima. Nikabonyeza, likawaka. Jamani, badala ya kusema, nikanogewa. Nilitaka kujua nikikandamiza kwa muda mrefu taa nayo itazima (ikazima), na nikibonyeza harakaharaka litachanganyikiwa (likachanganyikiwa). Mwanamke mmoja akaanza kulia, wawili wakatoka pekupeku, shehe mwenyewe jasho linamtiririka, na mimi niko kwenye utafiti.

Mara mke wangu akatokea mlangoni. "Samahanini. Baba Salma, hicho kitufe cha kengele ulichotia mfukoni unakibonyeza? Maana nyumbani inalia mfululizo, mtoto ameshaamka."

Watu wote wakautazama mkono wangu, ambao bado ulikuwa mfukoni.

Shehe akanyoosha kiganja, nikampa kitufe. Akakibonyeza, akatazama juu, pangaboi likasimama. "Kumbe jini lenyewe limevaa kanzu," akasema taratibu, akafunga msahafu. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Bi Zuhura hakucheka.

"Baba Salma," akasema, "mimi nakesha naogopa dari ya nyumba yangu, na wewe ulipojua sababu ukaona uchezee kwanza?"

Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba abonyeze rimoti yake, na kengele ikalia kwetu, tukaisikia sote. Vilikuwa vinatumia mawimbi ya aina moja: yeye akiwasha upepo, mimi natoka kuitikia hodi, mgeni akibonyeza getini kwangu, yeye anazimiwa pangaboi. Nikakitoa kitufe betri, nikaenda kuichomoa kengele, pangaboi likatulia, na kabla ya magharibi mabegi yakafunguliwa.

Jioni binti yake, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya dua, akatuletea sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. "Mama kasema nimpelekee jini, naye ale."

Niliila yote kwa adabu. Tangu siku hiyo, nikitamani kujua kitu kilichomo nyumbani mwa mtu, namuuliza mwenye nyumba kwanza, na mikono yangu inakuwa pale anapoiona.