Kanopi la Gari Lililopinda

Ukitaka kunikera, njoo karakana kwangu Ilomba, Mbeya, na picha kwenye simu, unioneshe kanopi la gari lililopigwa picha jangwani huko kwa watu, halafu useme, "Fundi, nataka kama hili hili." Wanakuja hivyo kila wiki. Wachungaji, mabwana misitu, watu wa mchele, na siku hizi vijana wanaopeleka watalii Ruaha. Wote wanaamini kanopi ni kofia: unachukua, unavika, unaondoka. Hakuna anayeuliza kichwa chenyewe kikoje.

Kazi yangu ni kubuni na kutengeneza makanopi ya faiba, yale magamba magumu yanayofunika nyuma ya pikapu na magari ya porini. Faiba ni nyuzi za kioo zilizofumwa kama kitambaa chepesi. Unazilaza juu ya umbo, unazilowesha rezini, gundi yake ya majimaji, na zikikauka unapata gamba moja lisilopitisha maji. Kulaza faiba mtu yeyote mwenye subira atajifunza. Ugumu uko kwenye umbo. Gamba likishakauka limekauka, halisogei kumpisha mtu, na ukikosea upana wa kidole tu mvua ya Mbeya itakuonesha ulipokosea. Ndiyo maana sipimi gari kwa kitabu chake, nalipima lenyewe. Pikapu mbili zilizotoka kiwanda kimoja, zikishakula miaka kwenye barabara za Mufindi, si pacha tena.

Gari lililonifundisha hilo lilikuwa la baba yangu.

Baba aliishi Mafinga, akibeba miche ya misonobari na mbao kwa Landrova ndefu ya zamani, yenye kabini mbele na bodi wazi nyuma. Masika moja, kwenye barabara ya udongo ya kuelekea mashamba ya chai, liliteleza likalalia ubavu wa kushoto na mzigo wake wote. Baba alitoka na mguu uliovunjika, ukaja kuunga vibaya. Gari lilitoka na ubavu uliobonyea ndani na bodi nzima ya nyuma imejisokota kidogo, kama mtu anayegeuka kuitika jina lake. Nilimwambia tulipeleke kwa fundi bodi likanyooshwe.

"Mimi nimepinda, lenyewe limepinda, na wote tunafika," alisema. "Wewe unataka kumfurahisha nani?"

Alikuwa na majibu ya namna hiyo, na alipenda kuyatoa mbele za watu.

Baadaye mgongo wa mama ukaanza. Pingili zilikuwa zimelika, na kliniki yake ilikuwa Mbeya, hospitali ya rufaa. Daktari akasema asikae kitako safari nzima, alale njiani. Sasa niambie mtu atalala wapi kwenye basi la kutoka Mafinga. Alikuwa akifika kwangu uso umemkauka kwa maumivu, anajilaza kwenye mkeka kabla hata ya kunywa maji. Baba akanipigia simu. Hakuomba, aliagiza.

"Nitengenezee kanopi. Ndani uweke kitanda cha mama yako. Na dirisha liwe upande wake, asije akasema nimemfungia humo kama maiti."

Nilimwambia tungoje kiangazi, maana rezini haikauki vizuri kwenye ukungu na baridi ya kwetu. Presha ikamchukua baba kabla ya kiangazi kufika.

Tulipoanua matanga, ukoo ulikaa kikao, na maneno yakasemwa wazi mbele ya baba wadogo na mwinjilisti. Gari ni la mama, la kumpeleka kliniki na kumrudisha. Kadi ya gari atakaa nayo kaka yangu wa Iringa, maana ndiye mkubwa na ndiye msimamizi. Mimi nitengeneze kanopi kama marehemu alivyoagiza. Kaka aliitikia kwa kichwa kuliko wote. Mtu anayeitikia kwa kasi ile hajasikiliza, lakini nani alikuwa na moyo wa kuligundua hilo msibani?

Nililileta gari Ilomba na kuanza kazi. Fundi mwenzangu alipita akalitazama, akaniambia nilipige nyundo kwanza, nipate umbo zuri la kuanzia. Nilimwambia akapige nyundo mlangoni kwake. Lile ndilo gari alilotuachia mzee, na nilitaka kanopi lilikubali lilivyo. Nilikata vipande vya boksi nikafuatisha kila ukingo, kushoto na kulia, maana hakuna upande uliofanana na mwenzake. Kwa chini kanopi lilifuata mpindo wa bodi, hapa likiingia, pale likitoka. Kwa juu nililinyoosha taratibu hadi paa likalala sawa na maji ya mtungini. Ukisimama barabarani jicho lako lilifuata paa, usingejua kama gari limewahi kulala ubavu. Dirisha la mama nilipata mahali pake kwa kujilaza mwenyewe juu ya mbao za kitanda chake, nikatia alama pale macho yanapofika, kisha nikashusha kidogo kwa sababu yeye ni mfupi.

Sijabuni kitu kizuri kama kile, na sitarajii kubuni kingine. Nasema bila aibu.

Kanopi lilikuwa chini, juu ya mapipa, nalisugua ukingo kwa msasa, kaka alipofika. Alivaa shati jeupe na alisimama mbali na vumbi langu.

"Mdogo wangu, naomba gari. Kuna harusi Iringa, tunabebea viti vya kanisa. Jumatatu narudisha."

"Kaka, bado kufunga tu hili. Ngoja nilifunge, uende nalo."

"Viti vile vitaingiaje humo ndani? Jumatatu, bwana."

Kwetu mkubwa akiomba ufunguo, huo ni ustaarabu tu wa kuutaka. Nilimpa. Hata mafuta nilimwekea.

Jumatatu ilipita, na ya pili yake. Nikipiga simu inaita hadi inakata. Alipopokea hatimaye, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshiba.

"Lile gari limepata mtu," akasema, kana kwamba lilikuwa linatafuta mchumba.

"Mtu gani?"

"Mtu wa mchele, Chimala. Mdogo wangu, lile ni chuma chakavu. Pesa yake nimenunulia miche ya parachichi. Parachichi ndiyo mambo ya sasa, hata mama atakula humo humo."

"Mama anaumwa mgongo, kaka. Hajasema ana njaa."

"Atapanda basi kama wanawake wengine. Nyie mnamdekeza."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, kisha nikamtukana kwa Kihehe ili lisipotee neno hata moja, na mpaka leo sijutii. Nilipompigia mama, nikitegemea angalau alie, alisema, "Mwanangu, msigombane. Watu watamcheka baba yenu." Upole wake nao ulinichoma. Nilitaka apige kelele. Nilitaka aende kwa baba wadogo, ampeleke kaka kwenye kikao, amwaibishe. Badala yake alimwombea parachichi zake zishike.

Kwa hiyo nikabaki na kanopi la gari moja tu duniani, na gari hilo linabeba mchele. Wateja waliliona juu ya mapipa wakalitamani. Mmoja alisisitiza hadi nikamwachia alijaribishe kwenye pikapu yake. Lilikaa juu ya pikapu ile kama sufuria iliyofunikwa kwa mfuniko wa nyingine, naye akaondoka akisema nimekosea vipimo. Mimi, nimekosea vipimo!

Mwisho nilipanda gari kwenda Chimala. Nilikuwa nimeandaa maneno makali njia nzima, na yote yakapotea, maana yule mnunuzi alikuwa mtu mwema. Kijana kuliko mimi, mwenye mashine ndogo ya kukoboa. Aliniamkia, akaniletea kiti na soda kabla hajauliza nimefuata nini. Nilimweleza yote, mgongo, kitanda, dirisha. Alishika kichwa.

"Fundi, kaka yako aliniambia mama mwenyewe ndiye aliyesema liuzwe. Mungu shahidi."

Kuturudishia gari hakuweza, alikuwa ameshalitegemea katika biashara. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetoa wazo. Mafinga alikuwa anakwenda kila mara kufuata mbao za ghala lake. Tufunge kanopi kwenye gari, mchele wake usiloane, na siku za kliniki atampitia mama, ampeleke na kumrudisha amelala kitandani kwake. "Si kitanda tayari kipo?" akasema. "Basi, tumemaliza."

Nilirudi Ilomba nikicheka peke yangu kama mjinga. Mama nilipompigia, alicheka pia, na tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Akauliza godoro ni jipya au la zamani. Akauliza kama akiwa amelala ataweza kuiona misitu ya Sao Hill, au ni mbingu tu. Nikamwambia ataona misonobari yote hadi atachoka. Alisema siku ya kliniki atakuja kwa basi kwa mara ya mwisho, kanopi lifungwe hapo hapo, arudi amelala.

Siku ya kliniki ilipofika, alikuja, akaonana na daktari, akarudi karakana kunisubiri. Alijilaza kwenye mkeka karibu na mlango. Mimi nilikuwa nimeshapanga bolti na raba za kuziba maji, nimetandika hata shuka. Nikasikia injini. Injini ile naijua tangu nikiwa mtoto, ina kikohozi chake inapopunguza mwendo. Nikatoka na spana mkononi.

Gari lilikuwa la kijani kibichi, linang'aa. Ubavu wa kushoto ulikuwa umenyooka kama ukuta.

Yule bwana wa Chimala alishuka amejaa tabasamu. "Shikamoo mama. Fundi, niliona aibu kukuletea gari limebonyea vile. Bodi nimeing'oa yote, imenyooshwa upya. Nimesema nikupunguzie kazi."

Nadhani nilimwambia karibu. Tuliita majirani, tukalibeba kanopi, tukaliweka, kwa sababu mikono ilikuwa imeshajiandaa kuliweka. Kona ya mbele kushoto ilikaa. Ya nyuma kulia ilining'inia juu, mkono wangu ukapita chini yake mpaka kiwiko. Tukalishusha, tukalirudisha. Yule bwana alipanda akaikandamiza ile kona kwa uzito wake wote, ikalia.

"Kata kidogo hapa, uunge pale," alisema.

Ni kweli faiba hukatwa na kuungwa, na mimi ndiye fundi wa kuikata na kuiunga. Lakini pale hapakuwa na ukingo hata mmoja wa kubakiza. Ningekata hadi libaki paa, halafu nianze kazi upya, ya gari jingine. Nilimweleza. Aliomba radhi, akaomba tena, na kila alivyoomba nilizidi kuumia. Mwizi ungemshika shati. Mtu aliyekutendea wema utamshika wapi? Hasira yangu yote ilimpita ikaenda Iringa, kwa mtu wa shati jeupe, na huko iko hadi leo. Tumesalimiana misibani, hatujazungumza.

Niliposikia hatua nikageuka. Mama alikuwa ameinuka mwenyewe kutoka mkekani. Alipita kando ya gari polepole, upande wa kushoto, mkono wake ukifuata bodi. Karibu na mlango wa kabini mkono ulisimama. Hapo ndipo bati lilipokuwa limejikunja, na miaka yote ile alikuwa akilishika kunjo hilo kupandia. Vidole vilitafuta, vikateleza juu ya rangi mpya. Alitafuta tena chini kidogo. Kisha akaushusha mkono.

"Limepona kabisa," akasema.

Mvua ilikuwa inateremka kutoka mlima Loleza, na mtu hawezi kulazwa kwenye bodi wazi akinyeshewa hadi Mafinga. Nilimsihi alale kwangu, tutaona kesho. Akasema kuku wake hawana mtu. Yule bwana, ambaye sasa hakuweza kunitazama usoni, alifungua mlango wa kabini akamwambia, "Karibu mama, nitaendesha taratibu." Nilisogea nimshike kiuno nimpandishe, naye akanizuia kwa mkono.

Alivua kandambili zake. Akazigonganisha pamoja mpaka tope likadondoka lote, akazishika mkononi, akasimama peku kwenye matone ya kwanza mbele ya gari ambalo baba alimwoa nalo.

"Baba," akamwambia yule kijana, "nisije nikakuchafulia gari lako. Hivi viatu niviweke wapi?"