Watu wa Kilwa Walioamkia Buguruni

Nilikuwa karani wa ofisi ya barabara pale Moshi, miaka ile ya hamsini, nilipoitwa Dar es Salaam. Mji ulikuwa umemleta mzungu mmoja, mtaalamu wa mipango ya usafiri, ashauri mabasi mapya yapite wapi. Alitaka makarani wawili wa kumkusanyia habari kwa majuma mawili, na mmoja wao angebaki naye kama msaidizi, afundishwe kukadiria safari za watu na kuzichora kwenye ramani. Kazi hiyo niliitaka kufa na kupona. Nyumbani niliaga kama mtu asiyerudi.

Treni ilitufikisha Korogwe, tukapanda basi hadi Morogoro huku tukimeza vumbi njia nzima, kisha treni tena. Nilishuka Dar shati limeninata mgongoni. Jamani, joto lile! Leo nikilikumbuka nalitamani.

Buguruni nilipata chumba kwa Bi Mwantumu, mjane aliyepika vitumbua na kuviuza Kariakoo. Nilibisha hodi, nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mchaga wewe?”

“Ndiyo, mama.”

“Haya, karibu. Ila ndizi zenu za kupika mimi siziwezi. Hapa utakula wali.”

Kila alfajiri tuliongozana kwa miguu, tukipita Ilala hadi Kariakoo, yeye kikapu kichwani, mimi karatasi kwapani. Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Kila baada ya muda alisimama akijifanya anakaza kanga, nami nikijifanya sioni. Basi la kufika kule halikuwapo. Nilipomweleza kazi niliyoijia, alicheka sana.

“Kumbe wewe ndiye wa kuniletea basi! Usinisahau, mwanangu.”

Kariakoo tulipewa meza kwenye kona ya Mtaa wa Msimbazi, chini ya upenu wa duka. Nasema tulipewa, maana karani wa pili alikuwa Rajabu, kijana wa Tanga mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Mtaalamu alitupa fomu ya Kiingereza, akauliza nani ataitia Kiswahili. Nikanyoosha mkono haraka, nisije nikawahiwa. Yalikuwa maswali mawili tu: Unatoka wapi? Unakwenda wapi?

Siku tatu tulijaza fomu hizo kwa raha. Nyuma yetu cherehani zilinguruma barazani, mbele yetu mji mzima ulipita: wachukuzi, wanawake wa mboga, makarani wenzetu wa kaptura na soksi ndefu. Walitoka Rufiji, Mafia, Tabora, Songea. Mtaalamu alizisoma fomu akafurahi. Alisema Kariakoo inajazwa na wasafiri wa mbali, kwa hiyo mji unahitaji stendi kubwa ya mabasi ya bara, na mabasi ya mitaani yangoje. Mimi nikaona sawa. Nani angebishana na hesabu?

Asubuhi ya siku ya nne Bi Mwantumu alipita mezani, akaniwekea kitumbua mkononi. Rajabu hakumjua, akamwuliza kama wengine.

“Mama, unatoka wapi?”

“Kilwa Kivinje,” alijibu, amejinyoosha kabisa.

Rajabu akaandika Kilwa. Kitumbua kilikuwa bado cha moto mdomoni mwangu, nikakimeza upesi.

“Mama, si tumetoka wote Buguruni asubuhi hii?”

“Buguruni nakaa tu! Kijana wa watu ananiuliza natoka wapi, nimwambie Buguruni? Mimi nimezaliwa Buguruni?”

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko, Rajabu naye akacheka. Kisha akaangalia rundo la fomu za siku tatu, akaweka kalamu chini. Bi Mwantumu alipoondoka, aliniinamia.

“Hizi tuziache zipite. Leo tuulize vizuri, basi. Ukienda kusema, aliyetafsiri ni wewe.”

Niliendelea kujaza fomu mpaka adhuhuri. Sitajifanya shujaa: kama yule mama asingekuwa mwenyeji wangu, huenda ningenyamaza moja kwa moja.

Saa nane mchana nilivuka uwanja wa Mnazi Mmoja hadi ofisini kwa mtaalamu. Nilimweleza yote. Alivua miwani.

“Nani alitafsiri swali?”

“Mimi, bwana.”

“Na lilitakiwa kuwa vipi?”

“Leo umeamkia wapi.”

Alizichukua zile fomu, akazitia kwenye pipa la taka mbele yangu. Aliniambia tuanze upya.

Juma lililofuata tulipata majibu mengine kabisa. Watu walikuwa wameamkia Buguruni, Ilala, Keko, Magomeni, na wengi walikuja kwa miguu. Bwana mmoja tulimwuliza ameamkia wapi, mkewe akiwa kando yake. Akakohoa, akatazama angani. “Jibu,” mkewe akasema, “na mimi nataka kusikia.” Rajabu, kwa huruma, akaandika: hajui.

Siku ya mwisho mtaalamu alichora kwa penseli nyekundu mstari kutoka Kariakoo hadi Buguruni. Halafu akasema atabaki na Rajabu. Hakunikaripia, alinishukuru hata, ila iliniuma vibaya sana. Nilimficha Bi Mwantumu habari hiyo. Aliniaga akiamini nimeitwa Moshi kwa cheo.

Nikarudi kwa njia ile ile, treni, vumbi, treni. Baadaye kazi ya kupanga usafiri niliipata kwingine na kuifanya miaka mingi. Vijana wakiniletea makadirio yao yaliyopigwa mistari vizuri, kwanza nawauliza: watu mliwauliza nini, na kwa maneno gani? Wananiona mzee msumbufu. Nami nawaonea wivu, maana wangali na Kariakoo zao mbele.

Barua ya Bi Mwantumu ilinifikia Moshi baada ya mwaka na zaidi, ameandikiwa na jirani. Basi lilikuwa limeanza. Alinisalimia, akawasalimia wazazi wangu asiowajua, akaniuliza habari za cheo. Kisha: “Mwanangu, zamani nilikuwa nikisali alfajiri natoka mbio, chai naiacha kikombeni. Siku hizi nakaa kitako, nakunywa mpaka inaisha.”