Anzia Kitabu cha Nne

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maktaba ndogo ya Mbinga mjini, Mkutubi Mkuu alinikabidhi muhuri na sheria moja: "Binti, msomaji haulizwi habari zake. Mpe kitabu, gonga tarehe ya kurudisha, aende." Nikaishika kama katekisimu.

Vitabu vilivyogombaniwa zaidi vilikuwa riwaya tano za upelelezi, zote za mauaji, zilizoandikwa na polisi mmoja mstaafu wa mwambao wa Nyasa. Zilirudi zikinuka kahawa, kwa kuwa watu walizisoma wakilinda vichanja, zile meza za kuanikia. Nilizipiga namba mgongoni, moja hadi tano, na kila aliyeuliza aanzie wapi nilimpa ya kwanza. Niliona huo ndio utaalamu.

Mama Skola wa Matiri, mjane aliyehamia huko kutoka ziwani, naye nikampa ya kwanza. Inaanza na maiti ya mvuvi iliyonaswa wavuni. Siku ya tatu aliirudisha pamoja na kadi yake ya uanachama.

"Mume wangu alizama Nyasa, mpaka leo hajaonekana," alisema. "Hapa sirudi tena."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkutubi Mkuu aliposikia, akaagiza zote tano ziondolewe rafuni.

"Mzee, kosa si la vitabu," nikamwambia. "Ni langu, nilitoa bila kuuliza."

"Basi mrudishe huyo mama kabla ya mwisho wa mwezi. Asiporudi, vinaondoka."

Mimi ni mkaidi. Nilikwenda Matiri na riwaya ya nne mkobani, nikamkuta akigeuza kahawa kichanjani. Sikuitoa. Niligeuza naye hadi jua likapungua ukali, kisha nikamuuliza habari za marehemu. Alizungumza sana.

"Huku juu milimani hakuna anayeniuliza," alisema.

Ndipo nikamweleza kwamba katika hii ya nne mpelelezi anamtafuta mtu aliyepotea, anamkuta amekufa, na ndugu zake wanamzika. Inatisha, nikamwonya, lakini anazikwa. Akaipokea.

Zilibaki siku mbili mwezi uishe aliposimama mbele ya meza yangu.

"Wangu sikumzika," alisema. "Huyu nimemzika."

Akaomba kadi yake, na vitabu vikabaki rafuni.

Sasa nimestaafu, na vijana bado wananijia kuuliza riwaya zile waanzie wapi. Kuuliza si ujinga. Ila simjibu yeyote kabla nami sijamuuliza: umefiwa na nani?