Ukurasa wa Shukrani

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na sita, nimekaa kwenye meza ya jikoni kwa shangazi yangu hapa hapa Marekani, mtaa huu huu wa Langley Park, namsubiri Kaka Fulgensi arudi kutoka kazini. Fulgensi alikuwa mpangaji wa shangazi. Alilala sebuleni, na kazi yake ilikuwa kupakia maboksi usiku kwenye ghala moja kule Landover. Akifika asubuhi hakimbilii usingizi. Anaoga, anavaa shati safi, anafunga vifungo mpaka shingoni, ndipo anakaa kufungua kitabu cha Kilatini. Alisema maneno ya wakubwa hayasomwi ukiwa na jasho mwilini. Mimi nilikuwa nikimcheka.

Kitabu chenyewe kiliandikwa na yule mtaalamu wa nyota wa Poland, mtu wa kanisa, aliyesema kwamba jua halituzunguki sisi, ni sisi tunaolizunguka. Jina lake silitaji. Huyo ametajwa vya kutosha, na sanamu anazo. Kwa miaka mingi aliificha kazi yake kwa kuogopa kuchekwa. Kisha akaja kijana mmoja, mwalimu wa hesabu, akasafiri kutoka mbali, akakaa kwake kama miaka miwili akimbembeleza aitoe. Kijana huyo akaandika kijitabu cha kumfungulia njia, akaubeba mswada mpaka kwa wapiga chapa. Kitabu kilitoka mzee akiwa katika siku zake za mwisho. Na pale mwanzoni, anapowataja rafiki waliomtia moyo, kijana yule hayumo. Basi hiyo ndiyo ilikuwa tasnifu yangu ya uzamili pale chuoni Fairfax: msaidizi aliyeachwa nje ya kitabu alichokihangaikia.

Mimi Kilatini sikujua hata salamu. Fulgensi alikisoma miaka mingi seminari kwao Bukoba, akaacha akiwa amebakiza kidogo apewe upadre. Baba yake alikuwa katekista. Alimwandikia barua moja tu kumwambia kwamba elimu yote ameitupa jalalani, na baada ya hapo kimya. Kila nilipomuuliza Fulgensi nimpe nini kwa taabu yake, jibu lilikuwa lile lile.

"Mdogo wangu, we niandike tu kwenye shukrani. Nita-photocopy hiyo page nimtumie mzee. Aone Kilatini chake hakijaoza."

Tulifanya kazi hivyo miezi minane. Yeye anasoma Kilatini, ananieleza kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza. Nyinyi mnaonijibu Kiingereza hata nikiwasalimia kwa Kiswahili mnaijua njia hiyo, ila hamjui inavyoweza kumpoteza mtu. Maneno yakifika kwenye karatasi yameshavaa Kiingereza changu, nami nikaanza kuyaona ni yangu.

Siku moja profesa wangu alisoma sura ya tatu, akavua miwani, akaniuliza tafsiri hizi nzuri kafanya nani. Nikamjibu ni mimi. Jibu lilitoka haraka, mwanangu, wala sikulipanga. Nilijiambia Kiingereza si changu? Lakini nikueleze ukweli ambao sikumweleza hata padre: niliona haya. Nisemeje kwamba mtaalamu wangu wa Kilatini ni mpakia maboksi anayelala kwenye kochi la shangazi? Profesa akanisifu mbele ya wenzangu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikapokea sifa zile wiki baada ya wiki.

Ilipofika kuandika shukrani, nilikwama. Nikimtaja Fulgensi, profesa atauliza huyu ni nani. Nikawashukuru maprofesa, nikaishukuru maktaba, nikamshukuru shangazi, nikamshukuru hata jirani aliyeniazima taipureta.

Nakala zenye jalada gumu zilipotoka, nilileta moja nyumbani. Fulgensi alikwenda kuoga. Akarudi na lile shati lake, akakaa, akafungua. Alisoma ukurasa wa shukrani, akaugeuza, akaangalia nyuma yake, akarudi tena mwanzo kwa kidole.

"Kuna page nyingine?" akaniuliza.

"Kaka, nilisahau," nikasema.

Alifunga kitabu polepole. "Hukusahau. Umemsema mzee wa watu kurasa arobaini kwa kutomtaja msaidizi wake. Yeye angalau alikuwa anakufa."

Shangazi alikuwa kwenye jiko. Aliweka mwiko chini, akanigeukia. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wewe umemnyonga na haki umeila." Chakula cha siku ile hakuna aliyekigusa.

Mwisho wa mwezi Fulgensi alihamia Texas kwa binamu yake. Miezi michache baadaye alimpigia simu shangazi kumwambia baba yake amefariki. Mzee yule alizikwa akiamini mwanawe alitupa kila alichofundishwa, na ukurasa wa kumwambia vinginevyo ulikuwa mikononi mwangu, nikaujaza jirani na taipureta. Nilimpigia Fulgensi kumpa pole. Alinishukuru kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mgeni.

Alinisamehe zamani, salamu zikaja kupitia shangazi, na hilo nalo linauma. Msamaha wake haukumfikia baba yake.

Mwaka jana nilichukua fimbo yangu nikaenda Fairfax, mabasi mawili na treni, kuomba ukurasa mmoja uongezwe. Binti wa maktaba alinisikiliza vizuri. Akanieleza kwamba tasnifu hubaki kama ilivyopokelewa. Kisha akatazama kompyuta yake na, akidhani ananifariji, akaniambia nisijali sana, kwa kuwa tangu iwekwe pale hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Nilimpoteza kaka kwa ajili ya kitabu kisichosomwa na mtu.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Aliyekushika mkono mtaje, mtaje kwa jina lake lote na kazi yake anayoifanya, hata kama anafagia. Usiseme utamtaja ukishafika, maana anayelihitaji jina hilo huenda si yeye, ni mzazi wake aliyeko mbali, na wazee hawana muda. Usijivunie kuwasuta marehemu waliokosa, kumsuta marehemu ni rahisi, hajibu. Na ukishakosea, rekebisha siku ile ile, uchekwe, upunguziwe maksi, ufukuzwe ikibidi. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea miaka arobaini, hajakua akaondoka.

Mungu akupe akili, mwanangu, akupe na watu wema wa kukusaidia. Na siku utakapoulizwa kazi hii kafanya nani, akufungue kinywa useme kweli kabla aibu haijakujibia.