Ndoo ya Ndagala

Watu wa Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, walimwita Mushinwa. Hakuwa Mchina, alikuwa Mvietinamu, na alikwisha kuwaambia mpaka akachoka. Mumewe, mtu wa hapohapo mtaani, alikwenda Ulaya kusomea ufundi wa mashine akarudi naye, na yeye akafungua mkahawa kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya wakwe zake: meza tatu, mabenchi, na jiko la makaa mlangoni.

Mimi nilikuwa nakata karoti zake. Mume wangu alitoka asubuhi moja kutafuta sukari, siku ambayo vijana walikuwa wameufunga mji, na hakurudi. Mpaka leo hakuna aliyenionyesha alipolala. Nilibaki na binti wa mwaka mmoja na ushee, bado ananyonya. Nilikuwa nimemaliza sekondari, na cheti hakipikwi. Yule mama alinipa kisu, akasema chakula cha mchana nitakula palepale. Bila mkate wake maziwa yangu yangekauka na mtoto angekufa. Hapa sitii chumvi.

Alikuwa anachukua mkate mrefu, ule wa kila siku wa Bujumbura, anaupasua ubavu, anauweka juu ya makaa mpaka ganda linalia ukilibonyeza. Ndani anapaka maini ya kuku yaliyopondwa, anapanga nyama ya kuku, tango, karoti zangu zilizolala kwenye siki na sukari, majani ya kotimiri, pilipili. Nguruwe hakumgusa, kwa sababu Waislamu wa mtaani ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Mwisho kabisa, matone ya maji ya ndagala.

Hayo maji kwao wanayatoa kwenye samaki wa baharini. Hapa alitumia ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Aliwashindilia kwenye ndoo na chumvi, akawakandamiza kwa jiwe, akawaacha uani juani miezi na miezi mpaka wakatoa maji ya rangi ya chai. Ukifungua kifuniko, harufu inakupiga kofi. Lakini ukiyaweka kwenye mkate harufu inapotea, kinabaki kitu ambacho ulimi unakitafuta hata baada ya kumeza. Nilikuwa nakula nimesimama, mtoto mgongoni, nimeipa barabara kisogo, na kwa muda ule wa kutafuna sikuwa mjane wa mtu. Nilikuwa msichana anayekula. Nione haya? Vita vilikuwa vinaendelea na mimi nililamba vidole, na sikumwomba mtu ruhusa.

Walikaa pale watu wa pande zote mbili za vita, bega kwa bega, hata mitaa mingine ilipokwisha kugawanywa. Mimi ni wa upande gani? Sitasema. Kila aliyewahi kuniuliza alikuwa ameshika kitu mkononi.

Kosa la yule mama lilikuwa moja. Kwetu, anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Wakati wa amani ni adabu. Wakati wa vita, mtu asipokuonjea unaanza kuhesabu ndugu zake ni wa upande gani. Nilimwambia:

"Mama, uma kidogo tu kwenye ncha, watu watulie."

"Niume chakula cha muteja? Uchafu! Mama yangu angenipiga."

"Mama yako hakai Bwiza."

Alicheka, akaendelea kupasua mkate.

Kisha akafa kijana mmoja wa lile kundi lililojifanya kulinda mtaa. Alikula kwetu mchana, akaenda kunywa kanyanga, ile pombe kali ya magendo, mpaka jioni, na asubuhi akakutwa amekauka. Mtaa mzima uliiona kanyanga. Mtaa mzima ukakumbuka mkate. Jirani yetu muuza mkaa ndiye aliyepaza sauti:

"Mi nilisema! Ile ndoo iko na mambo. Nani anaozesha ndagala kama si muchawi?"

Aliyasema hayo amekaa kwenye benchi letu, kotimiri iko kwenye meno.

Vijana wa lile kundi walikuja mchana, watu wanakula. Mkubwa wao nilisoma naye darasa moja. Alikuwa ananakili majibu yangu ya hesabu, sasa alikuwa na guruneti mkandani. Akasimama mlangoni ili mtu asitoke.

"Nani anakula hapa kila siku?"

Muuza mkaa akaninyooshea kidole. Haraka hivyo.

"Basi mi nitaonja," nikasema. "Lete."

"Apana, dada. We umezoea. Tumbo yako inajuana na dawa yake." Mkubwa wao akatazama mgongoni kwangu. "Mutoto ndiye ataonja."

"Mutoto hana meno ya kutosha."

"Ya kufa yanatosha."

Wenzake wakacheka.

Hawakujua kwamba binti yangu alikuwa anaharisha tangu juzi. Sumu haikuwemo, nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini akitapika, akichafua nguo, basi ushahidi umepatikana, na yule mama anakufa, na mimi namfuata, na mtoto sijui wangemfanya nini. Nilitaka kumrarua uso yule mwanafunzi mwenzangu. Mikono yangu ilikuwa nyuma, imeshika miguu ya mtoto, haikuachia.

Mama akatengeneza mkate. Polepole, kama siku zote, hata kotimiri akaipanga. Akatia matone ya ndoo mbele ya macho yao. Pilipili hakuweka, nikaona. Kisha akafanya lile alilolikataa tangu siku ya kwanza: akauma. Aliuma katikati, mdomo mzima, akatafuna waone, akameza, akaachama kama mtoto mbele ya daktari. Ndipo akamega kipande akampa binti yangu juu ya bega langu.

Mtoto akala. Akanyoosha mkono kutaka kingine.

"Tutangoja," alisema mkubwa wao, akavuta benchi.

Wakangoja huku wanakula kuku wetu kwa mikono, kutoka kwenye sufuria ileile ya muchawi.

Nilikuwa nimeegemea ukuta nilipohisi joto linanishuka mgongoni, chini ya kitenge, mpaka kiunoni. Sikusogea. Harufu ikaanza kupanda, nikaisikia mimi kwanza, na mzee aliyekaa karibu akageuza kichwa. Nikamtazama mama. Uso nilikuwa nimeufunga kama mlango, lakini yeye alikuwa amelea wadogo zake.

"Mukubwa," akasema, "ngoja nikuonyeshe ndoo yenyewe. Uangalie ndani kwa macho yako."

Akaenda uani, akarudi ameikumbatia tumboni. Alipofika kizingitini akaiachia.

Miezi yote ile ikamwagika sakafuni. Watu wakapanda juu ya mabenchi. Mkubwa wao viatu vilimlowa, akaziba pua kwa kiwiko.

"Yee! Mama, watu wanakula hii?"

"Munakula wote," akamjibu. "Tangu mwaka jana."

Wakatoka wanakohoa, na sufuria ya kuku wakaenda nayo. Mtoto wangu hakuna aliyemnusa.

Nilimwogesha uani. Niliporudi, mama alikuwa amepiga magoti anasukuma maji kwa fagio, analia kwa lugha yake. Muuza mkaa alikuja na jivu la kumwaga sakafuni.

"Pole, sha, rafiki yangu. Si unajua mi nilisema tu."

Nilimwambia atoke kabla sijamwogesha kwa maji yale.

Juma lilelile wale vijana walirudi. Safari hii hawakuuliza sumu wala ndoo, walitaka chumba. Kumbe. Mume wa yule mama alimpeleka uwanja wa ndege na sanduku moja, na mimi mama akaniachia kisu. Baada ya hapo pale mahali pakawa pa kuuzia kanyanga, na muuza mkaa alikuwa anakaa kwenye benchi lilelile.

Nikahamia mtaa wa Mutanga Sud kufulia watu nguo. Binti yangu alipoanza kusema maneno yakaeleweka, nilijaribu. Ndagala, chumvi, ndoo, jiwe. Nilitaka aujue ule mkate akiwa na akili ya kuukumbuka, kwa sababu ulimtunza na hana habari. Maji yalikuwa yameanza kupata rangi siku mke wa jirani aliposimama kwenye uzio, pua juu.

"Dada, unaozesha nini humo?"

Aliuliza akicheka. Ni mtu mwema, aliwahi kumpa mtoto wangu sukari. Lakini swali lile nilikuwa nalijua. Nikaimwaga ndoo mwenyewe, mchana kweupe, kabla hajamwambia mtu wa pili. Binti yangu alisimama kando ya mfereji, kajiziba pua, anacheka.