Kuomba Wadudu kwa Jirani

Wiki iliyopita nilikuwa nachambua majani ya kunde nyumbani kwangu Nyakato, nikakuta mdudu mdogo mwekundu ameganda kwenye jani, mviringo kama nusu ya punje ya njegere, mgongoni madoa meusi. Nikainamisha jani kwanza nione kama anang'aa. Tabia hiyo niliipata kwa bibi, kando ya ziwa kule Kigongo, nikiwa na miaka tisa.

Bibi alilima maboga upande wa juu na kunde upande wa ziwa. Likizo moja alinipa kopo la maji ya majivu, akasema, "Okota wale wanaokula maboga." Nikaokota. Nilipomaliza nikashuka kwenye kunde, nikakuta wengine niliodhani ni walewale, nikawazoa wote. Nilirudi nikingoja kusifiwa.

Bibi akachungulia kopo. Kisha akatoa wawili, akaniwekea kiganjani.

"Huyu wa kwenye maboga amepauka, ana vinyweleo. Anakula majani. Huyu wa kwenye kunde anang'aa kama amepakwa mafuta. Chakula chake ni wadudu mafuta, wale wadogo wanaofyonza majani. Umeua walinzi, mjukuu wangu."

Haikupita wiki, ncha za kunde zikajikunja, zikanata, zikawa nyeusi kwa wadudu mafuta. Majani ya kunde ndiyo tuliyokuwa tukianika kuwa nsansa, mboga yetu ya kiangazi. Wakati wa kula sikuweza kumtazama bibi usoni.

Hakunichapa. Alinituma kwa jirani, mama mkali aliyekuwa akitufukuza kwenye mapera yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Bibi amenituma kuomba wadudu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniingiza kwenye kunde zake, tukawakusanya wale wang'aavu mmoja mmoja, tukawafunga ndani ya jani la boga, naye akanisindikiza hadi bustanini kwetu kuwaachia.

Nusu ya kunde ilipona. Mwaka ule nsansa hazikujaza hata kapu, lakini bibi alichota bakuli la kwanza akampelekea jirani yule.

Bibi hayupo tena. Bustani ilikatwa viwanja, na mahali pa kunde pana ukuta. Mimi na jirani zangu wa sasa tunapungiana mikono getini, tukikosa kitu tunakwenda dukani. Sikumbuki mara ya mwisho nilipobisha mlango wa mtu kumwomba kitu kisichouzwa popote.